Wiki Mbili Alizopewa Shangazi Ephrasia

Aliyenisimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni binamu yangu Celina, Jumapili tarehe 2 Februari 2025, tulipotoka misa ya kwanza Bukoba mjini. Alisimulia kwa kifupi, kama mtu anayetaja msiba. Kaka yake Wilbert, muuza senene wakavu wa kopo, wale panzi wa kuliwa, alikuwa ameufuta ukurasa wa mtandaoni ulioandikwa kwa maneno ya mama yao, Shangazi Ephrasia, na sasa simu ya biashara hailii. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe kwenye benchi la kahawa, mbele ya kibanda cha Mujuni, kwenye mteremko wa kushukia sokoni, kwa sababu Wilbert anashinda hapo. Niliwakuta wanne: Wilbert; Mujuni, fundi simu wanayemwita Mtambo; mzee Kahigi, au Ta Kahigi kwa heshima, anayeitwa Gazeti kwa kuwa hakuna habari inayompita; na Privatus, dereva mstaafu wa lori, anayeitwa Breki kwa kuwa ulimi wake hauna. Nayaandika kama yalivyosemwa.

Gazeti: Simu imelia leo, mwanangu?

Wilbert: Imelia. Mtu kakosea namba.

Breki: Hata huyo ungemuuzia kopo moja kabla hajakata!

Gazeti: Mwaka jana Februari kama hii ulikuwa unapeleka maboksi stendi ya mabasi kila asubuhi. Nilikuwa nakuona.

Wilbert: Mwaka jana mama alikuwa bado mtandaoni, Ta Kahigi.

Hapo lazima nieleze. Mwaka 2019 Shangazi Ephrasia alikaa na Celina siku tatu, akimtajia, Celina akiandika moja kwa moja kwenye simu. Alieleza namna ya kunyonyoa senene mabawa na miguu, namna ya kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na namna ya kujua kwa sikio kwamba wameiva. Alieleza pia kwamba ujanani mwake wanawake waliwanyonyoa na kuwapika, lakini hawakuruhusiwa kuwala, na kwamba aliyempa kuonja kwa mara ya kwanza ni mumewe, Byabato, nyuma ya nyumba yao ya Ngenge, akimziba asionekane. Mwishoni iliwekwa namba ya Wilbert. Kwa miaka mitano, mtu popote alipouliza kwenye Google jinsi ya kukaanga senene, aliletewa ukurasa huo juu kabisa, bila Wilbert kulipa chochote. Watu walisoma, wakacheka habari ya Byabato, wakapiga simu. Kisha, mwaka 2024, Wilbert akaanza kulipia tangazo huko huko Google, na baadaye akaufuta ukurasa wa mama.

Mtambo: Mimi nasema ulikosea kusimamisha tangazo. Tangazo la kulipia ni kama jenereta. Ukizima, giza.

Wilbert: Niliwasha kwa sababu wewe uliniambia, Mujuni.

Mtambo: Nilikuambia uwashe. Sikukuambia uvunje nguzo za umeme.

Gazeti: Nyie hamjui kitu. Mimi nina habari kamili. Kuna wauza senene ng'ambo ya mpaka, wameajiri vijana arobaini. Kazi yao ni kubofya tangazo la Wilbert kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kila wakibofya, Wilbert analipa. Wakimaliza wanapewa chai.

Breki: Arobaini?

Gazeti: Arobaini na msimamizi wao.

Mtambo: Sasa Ta Kahigi, tangazo limezimwa tangu Krismasi. Wanabofya nini?

Gazeti: Wanafanya mazoezi.

Breki alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Wilbert alitazama barabarani. Breki alipojifuta akaanza la kwake.

Breki: Mimi nawaambia, ule mtambo wa kutafutia wa Google una akili kuliko Mujuni. Ulikuwa unamjua Ma Ephrasia. Kila siku ulikuwa unapita kwake, hodi, waitu, karibu, unasikiliza, unaondoka kuwaambia watu. Siku moja unapiga hodi unakuta nyumba haipo. Kuna picha ya kopo na kitufe. Ungekuwa wewe ungerudi? Nao umenuna! Umehamia kwa mama mwingine.

Gazeti: Mashine inanuna?

Breki: Lori langu lilikuwa linanuna. Mlima wa kupandia Muleba lilikuwa halipandi mpaka niliimbie.

Mtambo: Cheka, Ta Kahigi, lakini Privatus yuko karibu na ukweli kidogo. Wilbert aliifuta ile anuani. Aliyekuwa juu alikuwa mama. Ukurasa mpya hakuna anayeujua.

Sauti ya Wilbert ilipanda kwa mara ya kwanza.

Wilbert: Nilipima! Mnaongea kana kwamba niliamka tu nikafuta. Wiki mbili tangazo liliwapeleka watu kwenye ukurasa wa mama. Wiki mbili likawapeleka kwenye wangu: picha ya kopo, bei, kitufe kikubwa cha kijani cha kupiga simu. Kwa mama walipiga watu tisa. Kwangu mia moja na nne. Wewe Mujuni ungefanyaje?

Mtambo: Ningeacha zote mbili. Tangazo lilete kwako anayetaka kununua leo. Anayetaka kujifunza aje mwenyewe kwa mama, bure, atanunua kesho.

Wilbert: Mbona hukusema siku ile?

Mtambo: Siku ile ulikuja na maandazi na zile namba umeziandika kwenye karatasi. Ulikuwa na furaha. Ningesemaje?

Wilbert: Ungesema.

Gazeti: Si urudishe tu, mwanangu?

Wilbert: Niurudishe kutoka wapi? Celina aliandika humo humo. Hakuna daftari, hakuna karatasi. Mujuni kahangaika nao siku tano.

Mtambo: Siku sita.

Breki: Basi andika upya. Kukaanga senene kuna nini? Chumvi, kitunguu...

Wilbert: Nimejaribu. Nimefika pale pa kusikiliza kama wameiva. Mama alisema wanalia kama kitu fulani. Kama nini, Privatus? Wewe uliusoma.

Breki akakuna kichwa; alikuwa amesahau.

Wakati huo mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama na ndoo zake tupu akisubiri usafiri wa kurudi Izimbya aliomba nafasi kwenye benchi. Alijitaja kwa jina la Annastella. Kazi yake ni kutega senene kwa taa na mabati, na alikuwa amesikia yote.

Annastella: Samahani, waitu. Mimi ya mtandao siyajui. Wiki za mama zilianza lini?

Wilbert: Jumatatu, tarehe ishirini na moja Oktoba.

Annastella: Na zako?

Wilbert: Jumatatu, tarehe nne Novemba.

Annastella: Na msimu ule senene walishuka lini?

Bukoba hakuna mtu asiyeijua siku ya senene. Mwaka ule walishuka Jumanne tarehe tano Novemba, na watu waliohama kutoka huku, walioko Mwanza, Dar es Salaam na nje ya nchi, waliposikia ndipo walipochukua simu zao kuulizia. Gazeti alikuwa wa kwanza kunipigia mimi mwenyewe asubuhi ile. Sasa alikuwa anageuza kikombe kitupu kiganjani. Mtambo aliinuka akaingia kibandani, ingawa hapakuwa na mteja.

Annastella: Nimeuliza tu.

Wilbert: Umeuliza vizuri, dada.

Kisha akasema bila kumtazama yeyote:

Wilbert: Nilimpima mama kabla senene hawajaja.

Breki alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

Naandika haya Machi 2026. Shangazi Ephrasia alifariki tarehe 11 Agosti 2023, na mumewe Byabato miaka tisa kabla yake. Mzee Kahigi alifariki Juni 2025. Wilbert, Celina, Mujuni na Privatus wako hai, wote hapa mjini. Annastella nilimwona Novemba iliyopita, mzima. Yuko hai pia Anatolia, mdogo wake shangazi, ambaye alinyonyoa senene pamoja naye tangu wakiwa wasichana. Anaishi Ngenge, ana miaka themanini na mmoja, na kumbukumbu yake, wanasema, imeanza kukatika. Wilbert husema atakwenda kumwuliza senene wakiiva hulia kama nini. Celina husema atakwenda. Mimi nina nauli na nafasi, na sijakwenda.