Mwanvita binti Ridhiwani, Mpimaji wa Visima Visivyotekwa Maji

Marehemu Mwanvita alizaliwa Fukayosi tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ridhiwani na marehemu Bi Biubwa, wakulima wa mihogo. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza sekondari Bagamoyo, kisha akasomea ufundi wa maji Dar es Salaam.

Mwaka 1995 aliajiriwa kupima visima vya uangalizi. Kisima cha namna hiyo ni bomba jembamba lililozamishwa ardhini, lina kifuniko na kufuli. Kila mwezi alishusha tepu kujua maji yamefika kina gani, akachota kidogo kupima chumvi. Watu wa Mapinga walimcheka.

"Bi Mwanvita, kisima gani hata kuku hanywi?"

"Hiki hakikunyweshi, mwanangu. Hiki kinakwambia chako kitaharibika lini."

Mwaka 1998 aliolewa na Muhidini, fundi cherehani wa Dunda, ambaye siku ya kwanza alimwona na tepu shingoni akadhani ni fundi mwenzake. Wakajenga Mapinga, kwenye shamba la familia ya kina Mwanvita, lilipokuwa bomba mojawapo.

Mwaka 2019 bomba hilo lilionyesha chumvi inapanda. Pampu zilikuwa nyingi mno, na maji ya bahari yalisogea chini kwa chini kufuata matamu yaliyonyonywa. Aliandika barua tatu ofisini, hazikujibiwa. Ndipo akaanza kuwaambia wanunuzi wa viwanja vilivyokatwa kwenye shamba hilo. Muuzaji alikuwa kaka yake, Dadi.

"Unanifukuzia wateja, Mwanvita."

"Kaka, nawaambia nilichopima."

Wiki hiyohiyo Dadi alimimina zege ndani ya bomba. Vipimo vya miaka ishirini na minne vikaishia hapo, na viwanja vikauzwa vyote.

Saratani ya titi iligunduliwa Februari 2024. Dadi alikwenda kumwona mara moja, akaomba radhi.

"Umeshawaambia walionunua?" Mwanvita akamwuliza.

"Bado."

Akageukia ukutani.

Alifariki Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, alfajiri. Maji ya kumwosha yaliletwa na boza, maana kwa maji ya kisima cha nyumbani siku hizi hata sabuni haitoi povu.

Ameacha mume, Muhidini. Watoto wawili, Sharifu na Zuhura, aliyeandika wasifu huu. Na kaka mmoja, Dadi, ambaye familia imemtaka ausome mbele yenu mlionunua viwanja, bila kuruka mstari.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanvita, ampe utulivu ambao sisi nduguze hatukumpa.