Frigo ya Mama Jeanne

Gaëlle alikuwa ameketi nyuma ya wanaume wawili katika basi la kwenda mtaa wa Ruashi, akijifanya anasoma simu. Mzee Edouard, mstaafu wa reli, alikuwa akimweleza jirani wa kiti asiyemjua jinsi alivyogeuza minibasi yake ya zamani kuwa nyumba, yenye kitanda, jiko na batri mbili, kwa safari ya kumpeleka mke wake Jeanne kwao Kasai. Lililobaki ni kuweka humo frigo, lile jokofu la nyumbani.

Jirani huyo, Ruphin, alikuwa fundi umeme, na fundi ukigusia kazi yake hanyamazi.

"Papa, frigo ya nyumba inakula courant ya umeme mingi. Batri mbili hazitafika ata asubui. Tafuta ile kadogo ya gari."

"Hapana. Ile ni ya Jeanne. Dawa yake ya sukari inakaaka mule."

"Basi itaharibika mu njia! Unataka mama akufe?"

Mzee alitazama dirishani. "Alishakufa, mutoto yangu. Sasa iko miezi mbili."

Gaëlle akaishusha simu mapajani.

"Pole sana, papa," Ruphin alisema. "Sasa frigo iko ya nini?"

"Miaka tatu alikuwa ananiomba twende aone mama yake. Kila mara nilimujibu: ngojea kwanza niweke frigo. Sasa naiweka, niende kwa mama yake." Mzee akamgeukia. "Batri tatu zitatosha?"

Basi likasimama, na watu wakaanza kushuka; Ruphin akabaki kwenye kiti, akihesabu batri kwa vidole.