Povu Hafiki Glasi ya Tatu

Kijiwe chetu kiko pale ukuta wa akina Diarra unapokata kona, mtaa wa nyuma ya soko, hapa Ségou. Kuna benchi la mbao, viti viwili vya kamba za plastiki, kimoja kinafinya watu makalio, jiko la makaa na birika la bluu lililobabuka rangi. Chai yetu ni ile ya glasi tatu: ya kwanza chungu, ya pili imetulia, ya tatu sukari tupu. Anayeonja ya kwanza anakaa mpaka ya tatu, hiyo haina mjadala. Kuipika kunakula alasiri nzima, na mpishi wetu miaka yote alikuwa Zoumana Coulibaly. Tulimwita Povu, kwa lile povu alilolisimamisha juu ya glasi akimimina kutoka usawa wa sikio. Tangu Idi hajakanyaga hapa, na juzi tulikaa kuamua nani achukue birika lake.

Waamuzi wenyewe tulikuwa watatu tu. Mimi Bréhima, nashona mashati duka la jirani. Nouhoum Keita, tunayemwita Redio, maana jambo likitokea Mopti alfajiri yeye saa nne analo, pamoja na nyongeza zake. Na Sidiki, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ni Profesa kwa sababu hakubali kuitwa kitu kingine. Wa nne alikuwa mgeni, Daouda, dereva wa lori la viazi kutoka Sikasso. Springi ilimkatikia barabarani, akawa anamsubiri fundi. Alisalimia, tukamsogezea kile kiti kinachofinya, akapewa glasi.

Mgeni akauliza huyo Povu ana nini. Tukamweleza, wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Povu anaumwa kibofu, na hajawahi kuficha. Ugonjwa ulimwanza mwaka ule mto ulipofurika. Mkojo unamshika muda wote, akienda yanatoka matone, na hayo matone yanamchoma mpaka anauma meno. Zahanati ya mtaa walimpa vidonge, wakamwambia anywe maji mengi. Akanywa, ikawa balaa. Hospitali wakapima mkojo, wakasema ni msafi kabisa, apunguze maji. Akapunguza, ukazidi kuchoma. Daktari mwingine akaagiza picha ya tumbo, na aje kibofu kikiwa kimejaa. Maskini akakaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, amebana miguu, mpaka saa sita fundi wa mashine akatoka kusema umeme hakuna, nendeni mkakojoe mrudi Jumatatu. Jumatatu aliporudi, daktari aliyeagiza picha alikuwa amehamishwa. Aliyempokea akaanza upya kabisa: vidonge vilevile, maji mengi.

Akajikokota mpaka Bamako. Huko bingwa mmoja alimwambia ni umri, na Povu hajafika hata hamsini. Bingwa wa pili akamtazama vyeti, akamwambia haumwi kitu, tatizo lake anafikiria sana.

— Na kweli nafikiria sana, Povu alitusimulia siku aliyorudi. Nafikiria choo.

Tulicheka siku ile mpaka Profesa akamwaga chai kwenye kanzu. Leo nikikumbuka sioni cha kuchekesha.

Mgeni hakucheka. Akauliza ilianza na nini, na hapo ndipo alipotupa kazi.

— Maharage, akasema Redio. Ukoo mzima wa Coulibaly ni maharage kutwa kucha. Kibofu kitapumulia wapi?

Nikamweleza mgeni asishangae. Keita na Coulibaly ni watani wa ukoo, Redio anaruhusiwa kumtupia Povu lolote na Povu haruhusiwi kununa. Mgeni akasema hata kwao Sikasso ni hivyohivyo, yeye mwenyewe ana watani wake, wanamnyima raha.

Profesa hakutaka mambo ya maharage. Alisema ni jiko. Mtu amekaa na moto katikati ya magoti miaka kumi, joto linapanda, maji ya ndani yanachemka, na maji yakichemka lazima yatafute pa kutokea. Hiyo ni elimu, alisema, siyo utani. Redio akamuuliza mbona wake zetu wanaopika kila siku kibofu hakijachemka. Profesa akasema wanawake wanachutama upande.

— Basi ni simu, Redio akasema. Anaiweka mfuko wa mbele. Mawimbi yanamgonga palepale.

— Simu ya Povu haina hata chaji, nikamwambia.

— Ndiyo mbaya zaidi. Inatafuta mtandao.

Hapo nilitaka turudi kwenye habari ya birika, lakini Redio akishapata msikilizaji mpya hazimiki. Akasogeza kiti kwa mgeni, akapunguza sauti. Alisema kama kweli ni mkojo tu, mbona kila siku chai ikifika glasi ya pili Povu alinyanyuka, akaelekea upande mmoja tu, upande wa mto? Kuna mjane wa Kibozo kule, wale watu wa uvuvi, anakaanga samaki. Profesa akasema huyo mjane alishahamia Markala. Redio akafikiri kidogo, akasema basi ni jini wa mto. Jini amempenda, kila alasiri anamwita, na anapomwita anamvuta kwa kibofu, maana ndicho chenye maji. Profesa akapinga vikali: majini ya mto hayafanyi kazi alasiri. Wakabishana saa za kazi za majini mpaka makaa yakafifia.

Mimi niliikumbuka siku ya mwisho. Povu alikuja kama kawaida, na kama kawaida kabla ya kukaa alipita kwanza kwenye lango la akina Diarra. Mkewe, Assitan, ni binti wa nyumba hii tunayoegemea ukuta wake. Kila siku Povu alichuchumaa pale langoni, kofia kichwani, macho chini, akamsalimia mama mkwe wake, Mama Niélé, anayeshinda uani kwenye mkeka wake. Hakuvuka kizingiti hata siku moja. Mkwe wa kupigiwa mfano, mtaa mzima unasema.

Akapika ya kwanza, tukanywa. Ya pili ikawekwa motoni, na goti lake likaanza kutetemeka. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

— Coulibaly, Redio akamwambia, wiki hii umeshatuunguzia chai mara mbili. Ukiondoka leo, baki hukohuko.

Ulikuwa utani, Redio hakuwa na nia mbaya, naapa. Mtani wake alipaswa kumjibu, amwambie kwamba akina Keita hata maji hawajui kuchemsha. Povu hakumjibu. Alitabasamu, akavuta shati lake likafunika mbele ya suruali, akavaa ndala akaondoka. Tukampigia miluzi mpaka akapinda kona. Na mimi nilipiga.

Basi niliwaambia wenzangu kwamba nilikwenda nyumbani kwa Povu wiki iliyopita. Mwenyewe alikuwa ndani, hakutoka. Assitan ndiye aliyenipokea, akanipa kiti, akazungumza akikunja nguo. Akaniambia mumewe siku hizi hanywi maji kabisa, na jua hili, ili aweze kwenda kazini bila kusimamasimama. Midomo imempasuka, mgongo unamuuma. Ukimsihi anywe anakuwa mkali.

— Nikamuuliza kijiweni atarudi lini, nikawaambia. Akasema, "Anasema atarudi akishapona." Kisha akaniambia, "Na daktari wa mwisho alishamwambia kwamba hiki kibofu hakiponi, atakizoea tu."

Redio aliacha habari za majini. Profesa akasema polepole kwamba ina maana harudi. Uchungu uliniingia, sitaki kudanganya. Mtu tumekaa naye tangu ndevu zetu nyeusi, tukawa tumekutana kugawana birika lake kama la marehemu.

Mgeni alikuwa amemaliza glasi ya pili. Akasafisha koo, akauliza kwa adabu kama kuna mahali pa kujisaidia.

Redio akamchukulia kopo la maji chini ya benchi, akamwonyesha lango la akina Diarra. Akamwambia aingie tu asione haya, ndiko tunakokwenda sote. Ampe shikamoo bibi aliye kwenye mkeka, choo kiko nyuma yake, mkono wa kulia. Tukamsikia mgeni akisalimia, tukamsikia Mama Niélé akimuuliza habari za watu wa nyumbani kwao, asiowajua hata mmoja.

Alirudi mikono ikimtiririka maji, akaliweka kopo pale lilipokuwa. Hakukaa mara moja. Alitazama lango, akatutazama sisi.

— Huyo mwenzenu, akasema, si mmesema ndiye mkwe wa nyumba hii?

— Ndiye, Redio akamjibu. Hajawahi kuvuka kizingiti. Adabu ya namna ile siku hizi huipati.

— Sasa alikuwa anakojoa wapi?

Nilimtazama Redio, kwa kuwa yeye ndiye mwenye majibu. Redio akainama kupuliza makaa. Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ile kanzu, akafuta na kufuta. Mbele yetu ni ghala la mtama, lina kufuli. Kushoto duka langu, chumba kimoja, halina choo, mimi mwenyewe naingia kwa akina Diarra. Msikiti uko ng'ambo ya soko. Sote tunajua kwamba mwanamume hapiti mbele ya mama mkwe wake ameshika kopo la chooni. Tunajua tangu utotoni, hakuna aliyehitaji kufundishwa. Na miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wetu aliyeweka hayo mawili pamoja.

— Kule mtoni, nilianza kusema, nikakumbuka ni umbali gani kufika kule, na jua lile, na yeye amebana. Nikaacha.

Kumbe upande wa pili wa ukuta Mama Niélé alikuwa anasikia. Sauti yake ikatufikia kwa juu, haikuwa ya hasira.

— Bréhima.

— Naam, mama.

— Hivi mlishindwa kuniambia? Ningegeukia ukutani mpaka apite.

Tukainamisha vichwa sote, na mgeni pia.

— Kugeuka kuna kazi gani? akauliza Mama Niélé.