Ijumaa Mzee Wesonga Anakabidhi Funguo za Chumba cha Darubini

Tafadhali, wewe unayesoma, yote yaliyomo humu yabaki kwako. Msimamizi wa maabara aliidhinisha wasifu mfupi tu kwa ratiba ya sherehe ya kumuaga Mzee. Huu ninaupitisha kwa mkono, na mimi bado ni wa kandarasi, naweza kufutwa.

Mzee Boaz Wesonga anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha darubini ya elektroni cha maabara yetu, hapa karibu na Ayany. Alikuwa fundi wa vioo mtaani Laini Saba; akaajiriwa kuvunja vioo viwe visu.

Visu hivyo hukata ini la mbuzi lililogandishwa ndani ya plastiki ngumu, na vipande huelea juu ya maji kwenye kijibakuli nyuma ya kisu. Chenye rangi ya fedha ni chembamba, huchukuliwa. Cha zambarau ni kinene, miale ya elektroni haipenyi, hutupwa. Mzee huvisogeza kwa ukope uliogundishwa kwenye njiti, na wengi wetu hapa tumechangia kope. Kwa mikono yake watafiti wameona kiini cha seli na tando zake, wakapata shahada zao.

Siku moja Daktari Adero, mmoja wa watafiti, alipiga chafya juu ya maji yale, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mzee alimtazama, akasema, "Daktari, hilo ini sasa liko Kawangware. Ukipata nauli, lifuate." Tulicheka hadi chai ikapoa.

Kwa miaka aliomba apewe mtu amfundishe kazi hii. Kila mara aliambiwa asubiri bajeti. Sasa imeamuliwa kwamba, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kukata, darubini itazimwa na kuuzwa. Aliposikia, alifunika mashine yake ya kukatia. Kisha akaomba jambo moja: akipatikana mwanafunzi hata mmoja kabla ya Ijumaa, chumba kisifungwe, naye atakuja kufundisha kila Jumamosi bila malipo. Wakubwa wamekubali, ila hawajamtangazia mtu.

Mzee, asante kwa uvumilivu wako kwetu. Shamba lako la Bungoma likupe mavuno, na macho yako yapumzike.

Nawe ukitaka kujifunza, usipige simu ya ofisi, huipokea msimamizi. Njoo dirisha la masjala saa ya chakula, uniulizie mimi, Mitchelle, useme unauliza habari za likizo. Nitatoka, nikupeleke kwa Mzee.