Mama Mabuti na Maji Mafupi Aliyoyafunga Vibaya

Tarehe 30 Juni ofisi yetu ya uvuvi inamuaga Mama Mabuti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake halisi analijua mhasibu. Sisi wengine, pamoja na wavuvi na hata wajukuu zake, tunamwita hivyo kwa sababu ya mabuti ya mpira anayovaa kila siku ya kazi, awe anashuka ufukoni au anakwenda benki. Mume wake, fundi cherehani, amewahi kutulalamikia kwamba anamshonea magauni ya kupendeza, halafu yote yanaishia juu ya mabuti.

Alianza kama msaidizi wa kupima samaki mnadani, akapanda taratibu hadi kuwa afisa wa ufuko mzima. Kwa muda mrefu alikuwa afisa mwanamke pekee hapa, na zaidi ya mara moja wageni kutoka makao makuu walimkabidhi vikombe wakidhani ndiye mpika chai. Alivipokea, akawamiminia, kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele na kufungua kikao.

Wengi hawaamini wakiambiwa kwamba hali samaki. Akionja kidogo tu, midomo inavimba. Wavuvi waliojaribu kumlainisha kwa changu wanono waligonga mwamba, na hasara tuliibeba sisi wenzake, maana alirudisha wa kwake na wa kwetu pia.

Lakini huwezi kumzungumzia Mama Mabuti ukaruka habari ya maboya. Miaka ya nyuma ofisi ilitaka sehemu moja ya bahari ifungwe kwa miezi michache, pweza na samaki wapate kuzaliana na kukua. Aliitisha kamati ya ufuko alfajiri, kando ya boti zilizokuwa zimerudi, akaomba wajumbe wachague eneo. Wajumbe wote walikuwa wanaume. Walichagua maji mafupi, yale ya karibu na nchi kavu, wakanyoosha mikono wote kwa pamoja. Hakuna aliyebisha wala kununa. Mama Mabuti alirudi ofisini anapiga mluzi, kwani hakuwahi kuona wavuvi wakikubaliana hata juu ya saa. Maji yalipojaa, boti ikatoka, maboya mekundu yakapangwa.

Siku chache baadaye alishuka ufukoni maji yakiwa yamekupwa. Maboya yalikuwa yamelala chali kwenye matope, na juu ya mojawapo ameketi mama mwenye ndoo, anapumzisha mgongo. Nyuma yake kulikuwa na wanawake chungu nzima, wameinama, wanaokota chaza na kuchokoa pweza mashimoni. Yule mama alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza, kwa heshima zote, ofisi imepanga watoto wao wale nini. Hapo ndipo Mama Mabuti alipoelewa kwa nini kura ilipita kwa raha vile. Wanaume walikuwa wamefunga mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutupa wavu. Wenye mahali hawakuulizwa, kwa kuwa saa ya mkutano ndiyo saa wanayokuwa mnadani wakigombea samaki wa kukaanga.

Mwingine angeita askari. Yeye alivuta boya la pili akaketi, wakazungumza mpaka maji yakaanza kurudi. Kesho yake alisimama mnadani, mbele ya kila mtu, akasema amekosea na maboya yatolewe. Makao makuu waliwaka moto. Mkubwa wa wakati ule alimpa hadi mwisho wa msimu: lipatikane eneo la kufunga, na lifungike kweli, la sivyo anahamishiwa kitengo cha kuku, bara kabisa. Ieleweke kwamba Mama Mabuti anaogopa kuku.

Basi akahamisha mkutano. Ukatoka alfajiri ukawa wakati maji yamejaa, ambapo akina mama hawashuki kuokota, na ukatoka kwenye boti ukaja kwenye banda la kukaangia samaki. Wanaume walifika wakakaa upande unaopigwa na moshi, maana upande mzuri ulikuwa umeshajaa. Mwenyekiti alikuwa nahodha aliyeitwa Injini, kwa jinsi sauti yake isivyohitaji kipaza. Injini alisema mambo ya baharini akina mama hawayajui. Mke wake, aliyekuwa akigeuza samaki kwenye karai, alimuuliza bila kugeuka, hao samaki wake wenye mayai, kila siku anawapasua nani. Banda zima liliangua kicheko. Injini naye alicheka, huku anakohoa.

Ni hao wapasua samaki waliosema miezi ambayo matumbo huwa yamejaa mayai, na wakasema kama ni kuumia, tuumie wote: mkondo wa nje, wanakotega wanaume, nao ufungwe. Mabishano yalikwenda kikao baada ya kikao. Msimu ukakaribia kwisha, Mama Mabuti akakonda, mume wake akaanza kupunguza magauni. Mwishowe wakakubaliana. Nusu ya maji mafupi na mkondo wote vingefungwa kwa miezi ileile, na ulinzi ungekuwa wa zamu, wake kwa waume. Mkubwa alipokuja kukagua, boti yake ilizuiwa na zamu ya akina mama. Habari ya kuku ikaishia hapo. Siku ya kufungua, pweza waliotoka walikuwa wa kubebwa kwa mikono miwili.

Mwaka huu wa mwisho haukuwa rahisi kwake. Garini alikuwa akinihoji mimi dereva wake, utadhani nina majibu: akishaondoka, je, mkutano hautarudishwa alfajiri? Akina mama hawatasukumwa tena nje ya kamati? Aliomba aongezewe muda, akakataliwa, akanuna wiki nzima.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye mkutano wake wa mwisho, tukapata pancha njiani. Jasho lilimtoka. Alisema wanamsubiri, hawawezi kuanza bila yeye. Tulipoingia bandani, tuliwakuta karibu wanamaliza. Mwenyekiti wa sasa, ambaye ni mke wa Injini, alikuwa anahesabu mikono ya wanaokubali maji yafungwe tena msimu ujao. Wa Injini ulikuwa juu, na kwa mkono mwingine ameshika mjukuu. Mama Mabuti akaanza kuongea palepale mlangoni kama alivyozoea. Mwenyekiti akamwomba akae na asubiri zamu yake, kama wenzake. Alisubiri. Zamu ilipofika hakuwa na la kuongeza, kwa sababu kila alichotaka kusema walikuwa wameshakisema. Garini alilia mpaka tukafika kwake, na ilikuwa furaha tupu.

Mama, ofisi nzima inakushukuru, nasi tutakukumbuka kwa mapenzi. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye kicheko na usingizi usiokatizwa na simu ya kazi. Mkutano ujao ni palepale bandani, maji yakijaa. Hawatakusubiri.