Saba Kati ya Kumi na Mmoja

KARANI: Haloo? Naongea na mkunga wa kituo?

MKUNGA: Ndiye. Nani mwenzangu? Namba siijui.

KARANI: Ni mimi, shemeji. Natumia simu ya ofisi ya takwimu. Shikamoo.

MKUNGA: Marahaba. Mdogo wangu hajambo?

KARANI: Hajambo. Siku hizi anakula, kidogo kidogo. Shemeji, nina haraka, ripoti inafungwa saa sita mchana—

MKUNGA: Nilishaituma.

KARANI: Ninayo hapa. Miezi sita, vifo vya watoto wachanga kituoni kwako: sifuri.

MKUNGA: Ndiyo.

KARANI: Kanda nzima ni arobaini na moja kwa kila elfu. Bosi kaiona sifuri yako kacheka, kasema wake zetu wote waje kujifungulia kwako.

MKUNGA: Mkuu wa kituo anapenda hesabu safi.

KARANI: Usafi huo utawaponza. Zimekuja mashine tatu za oksijeni, zinakwenda penye vifo vingi. Kwa sifuri hii mmekuwa wa mwisho kwenye orodha.

MKUNGA: Wa mwisho? Mimi niliyeziomba miaka minne?

KARANI: Ndiyo maana nimepiga. Safu ya pili umeandika waliozaliwa wafu, kumi na mmoja. Wafu wote hao, halafu katika waliozaliwa hai asife hata mmoja? Mbona haija—

MKUNGA: Mtandao unakatakata.

KARANI: Usinikimbie, shemeji. Wangapi walipumua?

MKUNGA: Subiri, nafunga mlango.

KARANI: Wangapi?

MKUNGA: Saba.

KARANI: Saba. Aisee.

MKUNGA: Wewe hujawahi kukaa chumba hiki. Mtoto anatafuta hewa, nampulizia hewa kwa ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi, na bado anaondoka. Nimwambie mama yake alikuwa hai? Atajiuliza maisha yake yote. Nikisema alizaliwa hivyo, analia mara moja, anakwenda nyumbani.

KARANI: Na wewe?

MKUNGA: Mimi nalia huku huku, nikiosha vyombo.

KARANI: Sikiliza. Nitaifungua ripoti, turekebishe. Wanaweza kukusimamisha kazi, sikufichi.

MKUNGA: Wanisimamishe. Mashine itakuja?

KARANI: Kwa saba, itakuja. Nitajie mistari ya rejista.

MKUNGA: Wa pili. Wa tatu. Wa tano. Wa sita. Wa nane... wa tisa.

KARANI: Hao ni sita.

MKUNGA: [karatasi zinafunuliwa]

KARANI: Haloo? Umesema saba. Nipe wa mwisho.

MKUNGA: Shemeji, kaa chini kwanza.

KARANI: Mstari wa ngapi?

MKUNGA: Wa nne. Tarehe kumi na tisa.

KARANI: Tarehe kumi na tisa tulikuwa sisi hapo.

MKUNGA: Ndiyo.

KARANI: Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukanishika bega. Ukaniambia hakuwahi—

MKUNGA: Nilikuambia hivyo. Nilimwonea huruma mdogo wangu, nikakudanganya na wewe. Nisamehe.

KARANI: Dakika ngapi?

MKUNGA: Shemeji—

KARANI: Ngapi?

MKUNGA: Ishirini na mbili.

KARANI: Miezi mitatu mke wangu anaapa alimsikia analia. Miezi mitatu mimi namwambia ni uchovu, ni dawa, asijitese. Juzi kaacha kusema. Nikadhani amepona.

MKUNGA: Hakukosea. Nitakuja jioni nimwambie mwenyewe, anitukane anavyotaka.

KARANI: Njoo. Mimi sitakutetea.

MKUNGA: Sikuombi. Na huo mstari... unaweza kutuma sita tu. Sita nao wanatosha?

KARANI: Wanatosha.

MKUNGA: Basi mwache.

KARANI: Nimeshamwacha miezi mitatu. Badilisha.

MKUNGA: Nabadilisha. Sasa aliyezaliwa hai ana nafasi ya jina. Wale wengine nitaandika mtoto wa fulani, mpaka niwapate mama zao. Huyu nimwandikeje?

KARANI: [kiti kinavutwa]

MKUNGA: Shemeji, upo?

KARANI: Mpe la baba yangu.

MKUNGA: Naandika... Tayari.

KARANI: Simu inatoa mlio, salio linakwisha. Andika pia kwamba alilia.

MKUNGA: Fomu haina sehemu ya hilo.

KARANI: Andika pembeni—