Grandmasta Kuusela, Aliyetaka Kantini Inyamaze

Baada ya miaka kumi na minane kazini, Bwana Tapio Kuusela, ofisa wa michezo wa shamba letu la mkonge hapa Mraru, anastaafu rasmi tarehe thelathini Novemba. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ni namba mbili kwa sataranji hapa shambani, na namba moja kwa sura.

Kwao Finland alikuwa grandmasta wa sataranji, cheo cha juu kabisa, kabla ndevu hazijamtoka vizuri. Ameichezea nchi yake ng'ambo, akatoka sare na watu ambao picha zao ziko vitabuni. Alikuja kuona ndovu wa Tsavo. Gari likaharibika langoni petu, akaingia kantini kunywa chai, akakuta wakata mkonge wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ndovu hakuwaona tena; alibaki hapa kutufundisha sataranji.

Wacha niseme ukweli: huyu mzee ametuchosha. Humkodolea macho askari mmoja ubaoni mpaka chai inafanya utando. Halafu ile sheria yake ya kimya. Kimya, jamani, Voi hii! Hapa drafti huchezwa na watu wawili na kuongozwa na kumi na wawili. Husogezi kifuniko kabla hujamchokoza mwenzako: "Oyugi, leo unarudi kwenu kwa miguu!" Ndiyo utamu wenyewe. Kuusela jibu lake lilikuwa "Shhh", kama tairi inayotoka upepo.

Lakini kufundisha, alifundisha. Oyugi wa stoo alikuja hajui farasi anaruka vipi. Leo anawatesa walimu wa Mwanda. Awuor wa mizani ndiye hukalia meza ya kwanza.

Kilichobaki ni kombe la Pwani. Kila mara tulifika fainali, na kila mara kelele zetu zilituponza. Mwaka jana Mama Emily wa kantini alipaza sauti, "Toa malkia, wewe Awuor!" na refa akatunyang'anya mchezo. Kuusela akaapa hastaafu bila hilo kombe.

Basi Jumamosi iliyopita, fainali dhidi ya Mombasa ikiwa hapa kwetu, alileta miwa kutoka Mbololo, akampa kila mtazamaji pingili. "Ukitaka kusema, tafuna," akatuambia. Tukatafuna. Hata mimi, na mdomo huu!

Ikabaki meza ya Awuor peke yake; akishinda, kombe ni letu. Na alikuwa anashinda. Akanyoosha mkono kwa ngome, akasita, akaelekea kwa farasi.

"Si huyo, Awuor! Ngome, dada! Ngome!"

Tukageuka sote. Ni Kuusela, amesimama juu ya benchi, muwa mkononi.

Refa hakuwa na huruma. Mchezo ukaenda kwa Mombasa, kombe likaufuata.

"Mwalimu, kweli? Wewe?" Awuor akamwuliza.

Mzee akashuka polepole. "Lakini ilikuwa ngome," akasema.

"Tena ngome kabisa!" Mama Emily akadakia, akitema makapi. "Ningekuwa mimi, mngenifukuza hadi Taveta!"

Grandmasta, tulifunga midomo mpaka taya zikauma, halafu ukatufanyia hivyo. Tumekasirika, usidhani ni mzaha. Hata hivyo, asante kwa Oyugi, kwa Awuor, na kwa sisi wote uliotufundisha kufikiri kabla ya kugusa. Nenda na amani, mzee wetu; Mungu akupe afya na koti zito. Kombe tutaliendea mwakani bila wewe, na safari hii tuna matumaini: mwenye kelele kuliko wote anapanda ndege.